Haluwa Isiyo na Mwenyewe

Nimestaafu utumishi wa serikali, na katika utumishi wangu wote sikuwahi kulifunga faili lenye kosa nilijualo. Sioni basi kwa nini niliache kosa hili, linalonihusu mimi mwenyewe, liendelee kuzungushwa katika harusi za watu. Juzi juzi, katika walima mmoja Maskati, kijana ambaye sikumzaa wala sikumlea alinijulisha kwa wageni hivi: "Huyu ndiye yule mzee aliyeposewa na jini." Watu wakacheka hata mmoja akamwaga kahawa kwenye kanzu yake. Mwingine akaongeza kwamba jini huyo alikuja na mbuzi. Niliondoka kabla ya chakula kuletwa, na hiyo haikuwa hatua ndogo, maana nyama ilikuwa ya shuwa, imefukiwa shimoni tangu jana yake.

Naandika ili ijulikane. Hapakuwa na jini. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Sur, palikuwa na sanduku la riwaya za Kiingereza, na palikuwa na utaratibu wa ofisi, ambao niliufuata. Mbuzi alikuwepo. Hilo silikanushi.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya serikali mjini Ibra. Sisi tuliorejea kutoka Unguja tulitafutwa sana wakati ule, kwa sababu tulijua kuandika barua na, jambo lililo gumu zaidi, kuipata tena baada ya mwezi. Ofisi yetu ilishughulikia kila kitu: vibali, malalamiko ya maji ya falaj, ile mifereji ya mashamba, ngamia waliopotea, vitu vilivyookotwa. Nilikaa peke yangu katika chumba kimoja cha kupanga, pamoja na sanduku la riwaya nilizozinunua Mutrah kwa mhandisi wa Kiingereza aliyekuwa akirudi kwao. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni, lakini hadithi ilikuwa katikati, na mchwa hawakufika.

Mfanyabiashara niliyemtaja alikuwa wa ukoo wa mabaharia wa Sur, ingawa yeye mwenyewe alitapika hata akipanda Landrova. Alipata kuishi Unguja, akajua Kiswahili kama sisi, na hapo Ibra alikuwa na duka la saruji, nondo na mabati. Mji mzima ulimwita Ami, nami nikamwita Ami, ijapokuwa hatukuwa na damu moja. Alikuwa mtu wa kuwasemea watu. Ukitaka kazi ya udereva, ukitaka mwanao apokewe hospitali, ulikwenda kwa Ami, naye alivaa joho akaenda kusema neno, na neno lake lilisikika. Nami naweka wazi kwamba alikuwa mkarimu kweli. Ila alipenda ukarimu wake uonekane. Alipoutilia msikiti feni, alisimama mlangoni baada ya sala ya Ijumaa, akaziwasha moja moja, akawa anawauliza watu safu kwa safu: "Upepo umekufikeni?" Safu ya nyuma ilijibu kuwa umefika, na wala ilikuwa haijawashiwa.

Ami hakujua Kiingereza. Siku moja alinikuta nasoma, akaniuliza ndani mna nini. Nikamweleza. Kuanzia siku hiyo, kila baada ya alasiri, nilikaa juu ya mifuko ya saruji dukani kwake, nikisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza na kumsimulia kwa Kiswahili, naye akinimiminia kahawa.

Sasa, mwenye kuzijua riwaya hizo kongwe atakubaliana nami kwamba karibu zote zina jambo moja: hakuna anayefika popote bila mtu wa kumshika mkono. Kijana hapati cheo ila lodi amwandikie. Kasisi hapati kanisa ila tajiri wa pale ampe. Yatima hali ila mjomba arudi kutoka makoloni na meno ya dhahabu. Wazungu waliotutawala walikuwa wakituhubiria kwamba mtu huinuka kwa bidii yake, na kumbe vitabu vyao vyenyewe vimejaa wasta, yaani kusemewa na wakubwa, kutoka jalada hadi jalada. Jambo hili lilinikera mimi, lakini Ami lilimfurahisha mno. Alijiona yuko kwao.

Hakuwakubali wote, hata hivyo. Katika riwaya moja palikuwa na bibi tajiri aliyempa kasisi kanisa, nyumba na bustani, kisha kila Jumanne akawa anakwenda kuwakagua kuku wa kasisi na kumwambia mkewe namna ya kukata vitunguu.

"Huyu bibi anatoa au anakagua?" aliuliza Ami.

"Vyote viwili, Ami."

"Basi hana adabu. Mtu ukishampa kitu, mwache." Hapo akamgeukia dereva wake, Mbulushi mrefu mwenye sauti ya kuadhinia, akamwambia: "Hebu nenda kamtazame yule niliyemtia kazi hospitali, kama kanyoa zile ndevu nilivyomwambia."

Riwaya nyingine ilikuwa na kijana maskini aliyengoja katika ujia wa nyumba ya lodi kutwa nzima akitaka asemewe.

"Hawakumpa kahawa?"

"Hawakumpa."

"Nyumba nzima ya lodi, hamna hata tende?" Ami alikichukua kitabu kile mikononi mwangu, akakitia chini ya mfuko wa saruji, na hakukitoa mpaka Ijumaa. Alisema kinatumikia adhabu.

Lakini ile iliyotuingiza katika mashaka ilikuwa riwaya ya mshonaji mmoja, msichana asiye na wazazi, ambaye siku moja anapelekewa ufunguo wa nyumba yenye bustani na piano, wala hajui nani katoa. Kitabu kizima anakisia. Katika sura ya kabla ya mwisho anakuja mzee mmoja mseja ambaye mtaa mzima ulimdhania bahili. Anasimama katikati ya sebule, anavua kofia yake ya kijivu, anasema: "Ni mimi." Msichana analia, shangazi yake anazimia, na nje dirishani farasi wa mzee yule anainamisha kichwa.

Ami aliiacha kahawa yake ikapoa.

"Rudia pale anapovua kofia," alisema.

Nikarudia. Akataka tena. Nikarudia tena, nikaona mkono wake umepanda wenyewe hadi kwenye kilemba.

"Na muda wote huo hakumwambia mtu?"

"Hakumwambia."

"Hata dereva wake?"

"Mwendesha farasi, Ami. Hata yeye."

Ami akamtazama Mbulushi wake kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kabla ya siku ile.

Hapa lazima nieleze haja yangu, kwa sababu bila ya haja hiyo yote haya yangebaki mazungumzo ya dukani. Katika shule ya wasichana ya Ibra palikuwa na mwalimu mmoja binti, aliyekuja siku moja ofisini kwetu na mama yake kugongewa muhuri cheti. Aliitazama saa ya ukutani, akaniuliza kwa heshima kamili kama ile saa imesimama au huo ndio mwendo wa ofisi. Nililitafuta jibu wiki nzima, na mwisho wa wiki nikajua kwamba nataka kumwoa.

Baba yake alikuwa mtu wa Tabora. Alifundisha huko miaka mingi, na sasa alifanya kazi katika ofisi ya elimu iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwetu. Watu wakimwita Mwalimu, tu. Alikuwa mtu wa kanuni kuliko mimi, na silisemi hilo kwa wepesi. Niliulizia kwa njia inayostahiki, na jawabu likanijia kupitia kwa mama yake binti: Mwalimu hataki mahari makubwa wala hataki dhahabu ya kutangazia watu. Anataka mtu mzima mmoja aje nyumbani kwake, akae, ataje jina lake, aseme, "Kijana huyu ni wangu, likimshinda neno njooni kwangu." Basi.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Baba yangu alikwisha kufa. Ami zangu wa damu walibaki Unguja na Pemba, na njia ya kuja haikuwapo. Na Nizwa palikuwa na binamu wa yule binti, ambaye wazee wake walikwisha kuarifu kwamba wangekuja baada ya Idi ya Kuchinja. Desturi yetu humpa binamu haki ya kusikilizwa. Wakifika wao kabla sijapata mtu wa kunisemea, Mwalimu asingekuwa na uso wa kuwarudisha. Na Idi ilikuwa mwezi ule ule.

Nikamwendea Ami. Alinisikiliza, akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Mwanangu, nilikuwa naingoja siku hii."

"Utakwenda, Ami?"

"Nitakwenda. Lakini kwa siri."

Nilidhani sikumsikia. "Ami, posa haina siri. Posa ni jina la mtu."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea. Mwema wa kweli hujificha. Na hata dini yetu imeisifu sadaka ya siri."

"Mimi si sadaka, Ami."

"Usinikatishe! Nitafanya kila kitu bila kujulikana, na siku ya harusi, watu wamejaa, nitasimama katikati, nitavua kilemba, nitasema, ni mimi. Shangazi yako atazimia."

"Sina shangazi."

"Tutamtafuta."

Nilijaribu kwa siku mbili kumweleza kwamba yule msichana wa kitabuni alipewa nyumba, hakupewa mume, na kwamba nyumba inaweza kupokewa kutoka kwa mtu asiyejulikana lakini mkwe hawezi. Hakusikia. Siku ya tatu alikwishatenda.

Aliagiza Nizwa sinia la haluwa, ile nyeusi ya zafarani na lozi, akamtuma Mbulushi aipeleke nyumbani kwa Mwalimu huku kajifunga uso mzima kwa kilemba, yamebaki macho. Yaliyotokea mlangoni nimeyapata kwa mama mkwe wangu, ambaye alikuwa nyuma ya pazia na hajapata kuyasimulia kwa namna mbili.

"Haluwa hii," alisema Mbulushi kwa sauti yake ile iliyofahamika Ibra nzima, "imetoka kwa mtu mkubwa asiyetaka kujulikana, anamposea mtu unayemjua."

"Mtu gani mkubwa?" aliuliza Mwalimu.

"Nimekatazwa kusema."

"Na wewe bwana ni nani?"

"Mimi ni dereva wa..." Akajishika. "Mimi pia sijulikani."

Akaliweka sinia kizingitini, akakimbia mpaka nyuma ya ukuta wa bustani, ambako pikapu ya duka la Ami, iliyoandikwa duka la Ami, ilikuwa ikinguruma.

Asubuhi yake, mara tu nilipofungua dirisha la ofisi, nilimwona Mwalimu anavuka barabara na sinia kichwani mwa mtumishi wake. Akalishusha mezani kwangu, akavaa miwani.

"Bwana karani, nimeokota haluwa."

Lakini nilikuwa kazini. Nikachukua kalamu.

"Umeiokota wapi, Mwalimu?"

"Mlangoni kwangu."

"Ilikuwa peke yake?"

"Ilikuwa na mtu, lakini mtu huyo hakuwa na jina."

"Unamshuku mwenyewe?"

"Kanuni inaniuliza ninalolijua au ninalolishuku?"

"Unalolijua."

"Basi sijui."

Alikuwa sahihi kabisa. Nilimheshimu sana dakika ile, ingawa alikuwa akiniangamiza. Nikamsomea utaratibu: tangazo litabandikwa mlangoni, mwenye mali afike mwenyewe, ataje jina lake kamili, aielezee mali yake na namna ilivyomtoka mkononi, aliyeokota aitwe ashuhudie. Isipodaiwa, itapelekwa hospitali kwa wagonjwa. Mwalimu akatia sahihi. Kisha akainama kidogo, akasema taratibu:

"Bwana karani, mimi nilikuwa nangoja mtu. Sikuwa nangoja kitu. Na Idi hiyo inakuja."

Niliifungia haluwa katika kabati la mihuri, nikaitia miguu ya kabati ndani ya makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi. Nikalibandika tangazo. Alasiri nikaenda dukani nikiwa na maneno makali niliyoyatunga vizuri.

"Ameshangaa?" Ami alinidaka kabla sijakaa.

"Ameisajili."

"Ameisajili! Na watu wanasema nini?"

"Wanasema ni wewe, Ami. Mbulushi wako anajulikana hata akikohoa."

Uso wake ukang'aa kama sufuria. "Wanajua?" Kisha akajikaza. "Lakini kwa njia rasmi?"

"Kwa njia rasmi haijulikani ni nani."

"Basi bado ni siri."

Nilimweleza kwamba Mwalimu naye anajua, na kwamba kujua kwake hakunisaidii chochote, kwa maana mtu hawezi kumpa binti yake tetesi. Nilimweleza habari ya wazee wa Nizwa. Alinishika bega, akasema nisiwe na haraka, tupo bado sura za katikati.

Kisha akatuma mbuzi.

Alikuwa beberu mkubwa mwenye sikio moja lililochanika, akafungwa mlangoni kwa Mwalimu alfajiri, na wakati wa kufungua ofisi alikuwa amekwisha kuvushwa barabara. Nilimsajili. Nilimfunga chini ya dirisha, akala tangazo, gundi na yote. Nikaandika jingine, nikalibandika juu zaidi. Mkuu wangu wa ofisi alipita, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema, "Malizaneni," akaingia chumbani kwake na hakutoka mpaka adhuhuri. Watoto wa mji wakaanza kuja kumlisha mbuzi na kuniuliza ni jini gani aliyemleta. Hiyo ndiyo asili ya uvumi ule, na naiweka hapa ili mwenye kuutaja tena ajue anawanukuu watoto.

Zikabaki siku chache tu kabla ya Idi. Kutoka Nizwa ilikuja habari kwamba wale wazee wamekwishatengeneza gari lao. Nilikuwa nakaa ofisini, mbuzi analia dirishani, haluwa inanukia kabatini, na mimi katikati, nikihesabika miongoni mwa vitu visivyo na mwenyewe.

Ndipo palipozuka maneno mapya. Ibra palikuwa na mfanyabiashara mwingine, mtu wa mji wa Adam, aliyeuza tende na mifugo. Sijui alianza nani (wakati ule sikujua), lakini ghafla mji mzima ulikuwa unasema kwamba mbuzi mzuri vile hawezi kuwa katoka kokote ila Adam, na kwamba kwa hivyo mwema asiyejulikana ni yule mtu wa tende. Watu walimfuata sokoni wakamshukuru. Naye, badala ya kukanusha kama ilivyompasa, alishika ndevu zake, akatazama chini, akasema tu, "Alhamdulillahi."

Kesho yake ikawa inasemwa kwamba mtu wa Adam amekuwa akitoa kwa siri miaka yote. Kwamba hata feni za msikiti, ukichunguza vizuri, zilikuwa zake.

Sikuwapo dukani Ami alipoletewa habari ya feni. Mbulushi aliniambia baadaye kwamba mfuko mmoja wa saruji ulipasuka. Mimi niliona tu pikapu inasimama mlangoni kwetu kwa kuyumba, na Ami anashuka mweupe kwa vumbi kuanzia ndevu hadi viatu.

"Iko wapi haluwa yangu?"

"Karibu, Ami, kaa."

"Sikai! Iko wapi haluwa yangu, na yuko wapi mbuzi wangu?"

"Ukidai mali iliyookotwa, lazima aliyeiokota aitwe."

"Mwite! Waite wote! Mwite na yule muuza kokwa!"

Nilimwita Mwalimu peke yake, kwa kuwa muuza tende hakuwamo katika utaratibu. Alivuka barabara polepole, akakaa kwenye kiti cha mashahidi, akavaa miwani. Baraza ilikwishajaa watu. Nikafungua rejista.

"Jina kamili."

Ami akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, la ukoo wake na la mji wake, kwa sauti iliyofika sokoni. Mwalimu aliinua kichwa kwa kila jina kama mtu anayemhesabia msafiri hatua za kuingia nyumbani.

"Ielezee mali yako."

"Haluwa ya Nizwa, nyeusi, ina lozi. Mbuzi dume, sikio limechanika."

Nilitoka nikalitazama sikio, maana huo ndio utaratibu. Nikarudi.

"Mali hii ilikutoka vipi mkononi?"

"Niliipeleka."

"Uliipeleka wapi?"

"Kwake huyu."

"Kwa madhumuni gani?"

Hapo Ami aliitazama rejista. Nadhani ndipo alipoona kwamba sura yake ya kabla ya mwisho imemfikia mapema, katika chumba chenye mbuzi dirishani.

"Lazima niseme?"

"Pana nafasi ya kujaza, Ami."

Alisimama. Akaenda katikati ya chumba. Akavua kilemba, akabaki na upara ambao hakuna mtu Ibra aliyewahi kuuona, na vumbi la saruji limeuzunguka mstari mmoja kama wa kalamu.

"Ni mimi," alisema. Sauti yake haikuwa ile ya feni. "Nimekuja kumposea karani huyu binti yako. Hana baba. Kijana huyu ni wangu. Likimshinda neno, njooni kwangu."

Nikaandika: *Madhumuni: posa.* Mwandiko wa mstari ule haufanani na mistari mingine, kwa sababu nilikuwa siioni karatasi vizuri.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Sasa umefika," alisema. "Nilikuwa nakungoja. Twende nyumbani, karibu kahawa."

Ami alibaki pale pale na kilemba mkononi, akitazama huku na huku.

"Hakuna anayezimia?"

"Mimi ningezimia, bwana," alisema Mwalimu, "lakini kahawa itapoa."

Na mbuzi aliinamisha kichwa. Nalithibitisha hilo mimi mwenyewe, niliyekuwa karibu na dirisha. Ila aliinama kwa sababu tangazo la pili lilikuwa limedondoka.

Ami akatia sahihi ya kupokea mali yake, kisha akaitoa upya, kwa jina lake, mlango wa mbele. Haluwa ilikuwa imekwishakauka hata ikakatwa kwa rula ya ofisi. Wazee wa Nizwa walikuja baada ya Idi kama walivyoarifu, wakakuta posa imekwisha kukubaliwa mbele ya mashahidi na muhuri, wakala mbuzi pamoja nasi, na binamu mwenyewe akanipa mkono. Alionekana kama mtu aliyepona homa.

Tangu hapo Ami hakutaka tena kusikia riwaya za wafadhili wanaojificha. Alisema zinampa mtu taabu bure, na wenye kufaidi ni watu wa Adam. Alirudi kwenye ile ya bibi na kasisi, akamwona sasa kuwa mwanamke mwenye busara. Tulipooana alitupatia nyumba karibu na yake, na kila Jumanne, mpaka tulipohamishiwa Nizwa, alikuja kutukagulia kuku.

Ilikuwa huko Nizwa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ndipo nilipolipata lile lililokosekana katika kumbukumbu zangu. Nilikuwa nasoma sebuleni kitabu cha mshonaji na piano, nikamwambia mke wangu kwamba jambo moja sijapata kulijua: nani aliyeanza kusema mbuzi ni wa Adam.

"Mimi," alisema. Alikuwa anachagua mchele, na hakuinua macho.

"Wewe?"

"Nilisema katika chumba cha walimu kwamba mbuzi mzuri vile huenda katoka Adam. Basi."

"Na feni?"

"Feni nilizitaja siku ya pili. Nilipoona mbuzi hakutosha."

Nilikiweka kitabu chini. Nikamwuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuniambia.

"Wewe ndiye karani," alisema. "Kazi yako kuuliza. Nilikuwa nangoja uulize."

Sikuzimia. Nilikwenda kuchukua kalamu na karatasi, nikakaa mbele yake, nikamwomba jina kamili. Akataja lake, la baba yake na la babu yake, huku vidole vyake vinatoa mawe katika mchele.

"Madhumuni?"

"Andika posa," alisema.

Nimeandika. Kwa hivyo jini hakuwapo. Aliyeniposa yumo humu ndani, na sasa hivi ananiuliza kama nakula au niwekewe.